Kosa la Kutangulia Taifa

Si zamani sana, wala si kale. Simu zilikuwa tayari zinawaka viganjani mwa watu, na dunia nzima ilikuwa imekunjwa ikaenea kwenye kioo cha ukubwa wa kipande cha mkate. Palikuwa na nchi. Kama hukuwahi kuiona kwenye ramani, usiilaumu ramani. Siku wenzake walipokuwa wakipimiwa mipaka, nchi hiyo ilikuwa inaangalia televisheni.

Ilikuwa na bendera, wimbo, Mlezi Mkuu na tamthilia. Bendera ilipandishwa asubuhi, wimbo ukaimbwa adhuhuri, Mlezi Mkuu akasifiwa mchana kutwa, lakini ikifika saa moja jioni vyote vitatu viliwekwa kando, maana hiyo ilikuwa saa ya Machozi ya Ludovina.

Ludovina alikuwa binti wa tajiri wa ng'ombe katika nchi ya mbali, mwenye macho makubwa na bahati ndogo. Alipendwa na mwanamume asiyefaa, akachukiwa na mama wa kambo, akapofuka sehemu ya thelathini, akaona tena sehemu ya thelathini na nne baada ya kuanguka ngazi. Saa hiyo mahakimu waliahirisha kesi. Madaktari wa upasuaji walimfunika mgonjwa kwa shuka wakamwambia atulie, tumbo halitakwenda popote. Hata wezi walichagua nyumba zenye televisheni, wakaketi na wenye nyumba, wakalia nao mpaka mwisho, ndipo wakaendelea na kazi.

Na sauti ya Ludovina, ile sauti iliyokuwa ikiwaliza wakuu wa mikoa, ilikuwa ya mwanamke mfupi wa mtaa wa Matofalini, mwenye mwanya na miguu isiyotulia, aitwaye Sikudhani binti Mshamu.

Televisheni ya Taifa haikurekodi sauti. Mashine ya kurekodi ilipelekwa kutengenezwa miaka mingi nyuma, na barua ya kuirudisha ilikuwa bado inasubiri saini. Kwa hiyo kila jioni Sikudhani alisimama na Mzee Nanguka mbele ya kipaza sauti kimoja, karatasi mkononi, macho kwenye kioo, wakaingiza sauti papo kwa papo huku taifa likisikiliza. Sikudhani alikuwa wanawake wote: Ludovina, mama wa kambo, watawa, wajakazi, na jike la farasi. Mzee Nanguka alikuwa wanaume wote kuanzia Don Ruperto, baba yake Ludovina, hadi padri, na mlango ulipofungwa kwa hasira alipiga sinia kwa goti.

Shida ya kazi ilikuwa midomo. Watu wa ng'ambo husema mengi tena haraka. Maneno ya karatasini yalikwisha, na mdomo wa Ludovina bado unakwenda. Hapo ilibidi kujaza. Zamani Sikudhani alijaza kwa kilio, au kwa "ole wangu" tatu za kupokezana. Lakini Wizara ya Hisia za Umma iligundua kwamba midomo ya wageni ilikuwa ikichezacheza hewani kila siku dakika saba bila kulisemea taifa neno lolote, na huo ni upotevu. Tangu hapo maneno ya kujazia yaliletwa kwa bahasha. Ludovina akikumbatiwa na mpenzi wake alisema, "Nakupenda, Alonso, nakupenda kuliko uhai wangu, na barabara ya kaskazini imefikia asilimia tisini." Taifa lililia. Sehemu kumi zilizopita barabara hiyo ilikuwa imefikia asilimia tisini na tano, lakini nani ana moyo wa kuhesabu mbele ya mapenzi?

*

Tatizo likaja na simu.

Kule ilikotengenezwa, tamthilia ilikuwa imeshakwisha. Nchi nyingine zilikuwa sehemu ya mia mbili, nyingine mia mbili na kumi. Mtu yeyote mwenye simu na subira angeweza kujifungia chooni akaangalia yajayo. Wakaanza kutokea watu wanaotabasamu Ludovina akilia, na wanaolia mama wa kambo akitabasamu. Wizara iliona hatari. Leo mtu anajua Ludovina atajifungua mapacha. Kesho atataka kujua nini kingine?

Ikatungwa Sheria ya Mwendo Mmoja. Ilikuwa fupi, kama sheria zote zilizoandikwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Raia hataruhusiwa kujua jambo kabla ya taifa. Atakayejua na kusema atakuwa na kosa la kutangulia taifa, naye atawekwa mahali pamoja mpaka taifa limfikie.

Mahali pamoja palijengwa, pakaitwa Kituo cha Kusubiri. Vyumba vyake vilipangwa kwa sehemu za tamthilia. Aliyesema siri ya sehemu ya mia na hamsini aliingia chumba cha mia na hamsini, na jioni sehemu hiyo ilipoonyeshwa, mlango ulifunguliwa, akapewa mkono, akaambiwa, "Karibu, tumekufikia." Haikuwa serikali ya kikatili. Mwalimu mmoja aliyetaja mapacha alikaa siku nne tu, na alirudi nyumbani akisema chakula hakikuwa kibaya.

Nyuma ya sauti walikuwa wawili tu waliopewa kibali cha siku moja mbele, maana karatasi za kesho zililetwa leo ili wazisome. Sikudhani alikiweka kibali chake ndani ya kitambulisho, na kila alipokutana na jirani alifunga mdomo akaharakisha mwendo, kama mtu aliyebana yai shavuni.

Lakini alikuwa na ndugu.

*

Hatibu mdogo wake alikuwa kinyozi, mtu wa maneno, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Waliachwa wawili tangu wadogo. Sikudhani ndiye aliyemvalisha shati la shule na kumfunza kufunga kamba za viatu. Ilitokea asubuhi moja; sehemu ya mia na sitini na nne ilikuwa imeonyeshwa jana yake. Kitini alikaa karani wa Wizara aitwaye Tindwa, na alikuwa analia.

"Unalilia nini, bwana?" Hatibu aliuliza, mashine ikinguruma upande wa kulia wa kichwa.

"Nawaza tu vile Don Ruperto alivyomfukuza Ludovina na mvua ile."

"Acha hizo wewe! Unajichosha bure. Mzee mwenyewe anakufa sehemu ya mia na themanini na moja. Nimemwona kwenye simu, na kaburi nimeliona."

Mashine ilinguruma peke yake. Tindwa alisimama na taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina msitu wake, akatoka bila kwaheri, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Kesi ilikwisha kabla ya saa moja jioni. Ushahidi ulikuwa kichwa cha Tindwa. Kilipokelewa kama kielelezo namba moja, kikapigwa mhuri nyuma ya sikio, na hakimu akaagiza kielelezo kisiguswe wala kusawazishwa hadi siku mshtakiwa atakapoachiwa. Tindwa alifungua mdomo apinge. Aliambiwa vielelezo havisemi.

Sikudhani alihesabu: mia na themanini na moja kutoa mia na sitini na nne. Siku kumi na saba. Alipika, akapeleka. Karani wa milango pale Kituoni alikuwa Afande Mwasiti, mwanamke mpana aliyependa kanuni kama wengine wapendavyo pilau.

"Chumba mia na themanini na moja," Mwasiti alisema akifunua sufuria. "Dada, sauti yako naijua. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi usihofu. Siku Don akikata roho, mimi mlango nafungua. Hata akija waziri kunizuia, nafungua. Kanuni ni kanuni."

Sikudhani alirudi akitembea haraka. Siku kumi na saba. Mtu anavumilia homa kwa siku kumi na saba.

*

Balaa lilianzia kwenye sofa la Ikulu. Mlezi Mkuu, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na sita na madaraka ya miaka arobaini na moja, alimpenda Don Ruperto. Walifanana tumbo, walifanana masharubu, na wote wawili walikuwa na tabia ya kuingia chumbani watu wanapoanza kucheka. Siku ya Wakulima alipanda jukwaani, akaiweka hotuba kando.

"Wananchi! Mimi nikimtazama Don Ruperto najiona! Anavyowapenda watu wake, najiona. Anavyowatandika, najiona! Kuanzia leo, Don Ruperto ni mimi, na mimi ni Don Ruperto!"

Makofi yalipigwa dakika kumi na tisa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Kesho yake Gazeti la Serikali lilitangaza kwamba, kwa madhumuni yote ya kisheria, hao wawili ni mtu mmoja.

Sikudhani alisoma tangazo hilo akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa anatembea. Ilikuwa sehemu ya mia na sabini na mbili.

Waziri wa Hisia za Umma, Mheshimiwa Salvatori Mbegeze, alimwita siku ya sehemu ya mia na themanini. Ofisini kwake, ukutani, ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, palikuwa na swichi nyekundu ya kuzimia matangazo ya nchi nzima. Ufunguo aliuning'iniza shingoni kama medali.

"Binti Mshamu," alisema, "mimi kwa mujibu wa sheria sijui kitakachotokea kesho."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sijui, na sitaki kujua. Lakini kisitokee."

"Mheshimiwa, picha imeshapigwa. Mtu analala kitandani, anafumba macho, wanamfunika..."

"Usiniambie!" Waziri aliziba masikio. "Unataka nilale Kituo cha Kusubiri? Sikiliza. Picha ni yao, sauti ni yetu. Mtu aliyefumba macho anaweza kuwa anafanya mambo mengi. Anaweza kuwa anatafakari sera. Wewe ni fundi wa midomo au si fundi?"

"Ndugu yangu yuko ndani, mheshimiwa. Anatoka kesho, Don akifa."

Waziri alimtazama kwa huruma halisi. Huruma ilikuwa wizara yake. "Ukiifanya vizuri kazi hii ya siku tatu, ndugu yako nitamtoa mwenyewe. Kwa barua. Nakupa neno langu, na neno langu limo kwenye bajeti."

*

Kumbe mazishi ya watu wa tamthilia si kama ya kwetu. Yalichukua sehemu tatu nzima: siku ya kukata roho, siku ya kuaga, na siku ya kuteremsha jeneza, maana kila aliyefika alikumbuka mambo ya ujana kwanza.

Jioni ya mia na themanini na moja, Don Ruperto alikata roho mikononi mwa binti yake. Ludovina alijitupa kifuani pake, mdomo wazi, machozi yakimwagika. Sikudhani alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Baba!" alilia. "Baba, hongera kwa siku yako ya kuzaliwa!"

Jioni ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Liliingizwa jeneza. "Tazama, baba, tumekununulia kitanda chenye mfuniko, mbu hawaingii!" Waombolezaji mia mbili walivaa nguo nyeusi; Mzee Nanguka, kwa sauti ya mmoja wao, alieleza kwamba ni sare ya kamati. Padri naye alifanywa mwenyekiti wa maandalizi. Mama wa kambo alipozirai, Sikudhani alimjaza maneno akianguka: "Keki imekuwa tamu kupita kiasi!"

Nchi nzima ilikaa mbele ya kioo ikitazama maiti akipewa pongezi. Watu walitazamana. Kila mmoja alitaka kucheka, na kila mmoja aliangalia kwanza jirani anafanya nini. Mwishowe wakapiga makofi.

Mtu mmoja, hadi leo hajulikani, alirekodi jioni hizo kwa simu, akaandika tafsiri chini, akarusha mitandaoni. Kufikia asubuhi watu milioni arobaini walikuwa wameona. Katika nchi za theluji vikongwe walicheka hadi meno yakadondoka kwenye chai. Wanafunzi wa ng'ambo walisherehekea siku zao za kuzaliwa ndani ya masanduku. Na kule kwa akina Ludovina wenyewe, waliokuwa wamemlilia Don mwaka uliopita, walianza kumwangalia upya kwa Kiswahili, kwa furaha.

Waziri Mbegeze alizijumlisha namba hizo kwa sauti mbele ya waandishi. "Dunia inatutazama! Jioni ya leo, sehemu ya tatu ya sherehe, tunairusha moja kwa moja kwa mataifa yote. Nami nitakuwepo studio kwa ajili ya picha."

"Mheshimiwa," mwandishi mmoja aliuliza, "kwa nini wanacheka?"

"Wanacheka kwa sababu wana furaha. Kwao hawana wizara ya mambo hayo."

*

Asubuhi ile ile Sikudhani alikwenda Kituo cha Kusubiri bila sufuria. Alimkuta Afande Mwasiti akihamisha godoro.

"Dada, vibaya," Mwasiti alisema. "Sehemu ya mia na themanini na moja imeonyeshwa, sawa. Lakini alichosema ndugu yako hakijaonyeshwa. Yeye alisema kifo. Ninyi mmeonyesha keki. Taifa halijamfikia. Nimeletewa agizo nimpeleke chumba kisicho na namba."

"Waziri aliniahidi barua."

"Barua imekuja, nimeisoma. Inasema aachiwe mara tu masharti ya sheria yatakapotimia. Hiyo si barua, hiyo ni sheria ile ile imevaa tai."

Hatibu alisimama nyuma ya nondo. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, na kwa kinyozi hiyo ni aibu kubwa kuliko kufungwa.

"Dada," alisema. "Humu ndani tunasikia kwa redio tu. Ati ni kweli umempongeza maiti?"

"Hatibu, niliambiwa..."

"Na mbu hawaingii?" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Niambie ukweli basi. Natoka lini?"

Sikudhani alianza kutembea mbele ya nondo, kwenda na kurudi.

"Maana nimepiga hesabu," Hatibu aliendelea polepole. "Leo wanamzika. Baada ya leo Don haonekani tena, hata kwenye ndoto ya mtu. Nimeangalia hadi mwisho. Leo asipokufa, dada, hafi tena. Na mimi hapa ndio kaburi langu."

"Wakinishika na mimi, nani atakuletea chakula?"

"Mimi sikukwambia ufanye kitu. Nimeuliza tarehe tu."

Nje ya lango alisimama Tindwa, nusu upara, nusu kichaka, mhuri nyuma ya sikio umeanza kufifia.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilidhani siku mbili tatu. Mke wangu analala ananipa mgongo, na nikigeuka upande wa pili ananiuliza mimi ni nani. Atakufa lini yule mzee?"

"Muulize waziri wako."

"Nilimuuliza. Aliniambia vielelezo havisemi."

*

Studio ilijaa. Palikuwa na taa mpya, maua, mpiga picha, na Waziri Mbegeze katikati akiwa na suti iliyong'aa na ufunguo wake shingoni. Mzee Nanguka alikuwa akijifuta kijasho chembamba. Kwa miaka mingi Don Ruperto ndiye aliyemlisha; watu walimwinamia sokoni kwa ajili ya sauti ile.

"Mwanangu," alinong'ona kabla taa haijawaka, "hayo macho yako leo siyapendi."

"Mzee, huyu mtu amekufa. Tangu juzi amekufa. Ananuka hadi huku."

"Najua amekufa! Mimi ndiye niliyekuwa ndani yake. Lakini akifa mimi ninakula wapi?"

"Una padri. Una Alonso. Una wanaume wengine kumi na tisa. Mimi nina ndugu mmoja."

Mzee alitaka kujibu, taa nyekundu ikawaka.

Kwenye kioo, mvua ilinyesha juu ya makaburi ya ng'ambo. Jeneza lilishuka taratibu kwa kamba. Ludovina alisogea ukingoni, nywele zimemganda usoni, akafungua mdomo. Karatasi ya Sikudhani ilisema: *Lala salama kwenye hoteli yako ya chini, baba, tutakuamsha kesho kwa ajili ya supu.* Miguu yake, isiyowahi kutulia tangu siku aliyozaliwa, ilitulia.

"Don Ruperto amekufa," alisema.

Hakulia. Aliisema kama mtu anayetaja jina lake mlangoni. Mdomo wa Ludovina ulikuwa bado unakwenda, akaujaza: "Amekufa, jamani. Amekufa tangu juzi. Hakuna siku ya kuzaliwa. Tumesimama mbele ya maiti siku tatu, tunapiga makofi. Amekufa!"

Waziri aliruka. "Zima! Zima!"

"Swichi iko ofisini kwako, mheshimiwa," fundi alisema.

"Ifungueni!"

"Ufunguo unao shingoni, mheshimiwa."

Ofisi ilikuwa upande wa pili wa mji. Waziri alitazama ufunguo, akatazama kamera, akakumbuka kutabasamu. Mataifa yote yalikuwa yanaangalia. Na kwenye kioo padri aliinua mkono, midomo ikaanza kucheza, na kipaza sauti kilikuwa mbele ya Mzee Nanguka. Alikuwa mwoga, alikuwa na njaa ya kesho akilini, lakini alikuwa fundi pia, na hakuwahi katika maisha yake kuuacha mdomo wa mtu ukienda mtupu.

"Mungu amrehemu," alisema kwa sauti nzito ya padri. "Mavumbini alitoka, na sasa jamani, fukieni."

Kisha, kutoka nyumba za Matofalini, kutoka hospitali yenye matumbo wazi, kutoka sebule walimokaa wezi na wenye mali, kikapanda kilio kikubwa ambacho Wizara haikuwa imekipanga. Watu walilia machozi ya siku tatu kwa mpigo, na wengine, ukiwasikiliza vizuri, walilia ya miaka arobaini na moja.

Pale Kituoni, Afande Mwasiti alizima redio, akachukua funguo.

"Hatibu bin Mshamu," alisema, akampa mkono. "Karibu. Tumekufikia."

Simu ya mezani ilikuwa inalia. Aliiacha ilie mpaka kinyozi akapita lango. Nje, kielelezo namba moja kilikuwa kinamsubiri tayari kikiwa na taulo.

*

Sikudhani alihukumiwa siku ya tatu, na mahakama ilirushwa kwa dunia nzima, kwa sababu Waziri alikuwa ameshaahidi na namba zilikuwa nzuri.

"Amelitangulia taifa," mwendesha mashtaka alisema.

"Taifa limeshanifikia," alijibu Sikudhani. "Don amezikwa, wote wameona. Ndugu yangu ameachiwa kwa sheria hiyo hiyo."

Mwendesha mashtaka alitabasamu, akanyanyua Gazeti la Serikali. "Mheshimiwa Hakimu, kwa madhumuni yote ya kisheria, Don Ruperto na Mlezi Mkuu ni mtu mmoja. Mtuhumiwa ametangaza kifo cha mtu huyo. Taifa limeona nusu tu. Nusu nyingine bado."

Hakimu alipenda hoja zenye hesabu. Akaandika, akasoma: mtuhumiwa atawekwa Kituo cha Kusubiri mpaka taifa limfikie, yaani mpaka Mlezi Mkuu naye atakapo...

Alisita. Kalamu za makarani zilisimama. Mwendesha mashtaka alitazama dari. Hukumu ilikuwa imeshatoka mdomoni, imeshapita kwenye kamera, imeshaingia kwenye simu za nchi mia moja na kumi. Kuifuta ilikuwa kusema mahakama ilikosea, na mahakama ya nchi hiyo haikuwahi kukosea.

Basi wakamweka. Na kanuni ya tisa ya Kituo cha Kusubiri, ambayo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa Afande Mwasiti, ilisema kwamba kila msubiriji ana haki ya kuambiwa, kila asubuhi, kama taifa limemfikia.

Kila asubuhi Sikudhani alishika nondo akauliza kwa sauti ile iliyokuwa ikiwaliza wakuu wa mikoa, "Je, tayari?"

Na Mwasiti, akisimama wima kama kanuni inavyotaka, alijibu, "Bado, dada."

Hatibu alileta sufuria. Ndevu zake zilikuwa nadhifu. Alisema kwamba mtaani watu wameacha kuamkiana kama zamani, wanasema tu, "Je, tayari?" na mwenzake anaitikia, "Bado." Alisema vikongwe wa nchi za theluji wamejifunza maneno mawili ya Kiswahili na ndiyo hayo, wanayaandika mitandaoni kila kukicha, na akina Ludovina wenyewe wanayavaa kwenye fulana. Waziri Mbegeze alijaribu kuyapiga marufuku, akashindwa kueleza kwenye tangazo ni kitu gani hasa watu wanakisubiri.

"Umekonda, dada," Hatibu alisema.

"Natembea sana," alijibu Sikudhani. "Hatua nane kwenda, nane kurudi."

Siku ya Wakulima ikaja tena. Mwasiti alileta televisheni ndogo ukumbini ili wasubiriji wote wamwone Mlezi Mkuu akihutubia. Mlezi Mkuu alipanda jukwaani akishikwa viwiko. Akasifu mavuno, akasifu barabara ya kaskazini. Katikati ya sentensi alikohoa. Akanyamaza, akashika kingo za meza, akakohoa tena, mara hii kwa muda mrefu, na kamera ikageuzwa haraka ikaonyesha ng'ombe wa maonyesho.

Afande Mwasiti aliinuka bila kumtazama mtu. Alikwenda kwenye kabati la vitu walivyovuliwa wasubiriji walipoingia, akapekua, akarudi na jozi ya viatu vya kike, vidogo, vya wazi. Akavipangusa vumbi kwa sare yake ya kazi, na akaviweka mlangoni pa Sikudhani, ncha zikielekea nje.